Hodi ya Tatu

Aliyetunga sheria ya Ukanda hakupenda maneno mengi. Ndege ikipigiwa hodi mara tatu isiitike, si ya kwetu. Basi. Kilichofuata baada ya hapo kilikuwa kazi ya Kalunde Mihambo, na kazi yenyewe ilihitaji kidole gumba kimoja.

Alikuwa ameketi ghorofa ya juu ya Kituo cha Itumbi, kilimani, mji wa Kasanda ukiwa mgongoni kwake na Ukanda mbele yake. Ukanda ulikuwa nchi pana isiyo na mwenyewe, ng'ambo ya mto Isimba, ambako vita vilikuwa vimekula kila kitu vikabakiza viwanja vichache vya ndege na watu wasio na pa kwenda. Kutoka huko walikuja wakimbizi, na kutoka huko huko yalikuja mabomu, na wote walisafiri kwa ndege za aina moja.

Karibu na mkono wake wa kulia palikuwa na kibao cha shaba. Ndege-roboti za ulinzi, ambazo kila mtu aliziita Nyigu, ziliweza kutafuta, kufukuza na kuangusha bila msaada wa mtu. Lakini wabunge wa Shirikisho, nchi ya upande huu wa mto, waliona haya kuiachia mashine dhambi yote, wakapitisha kwamba lazima awepo binadamu wa kuthibitisha. Binadamu huyo aliitwa Shahidi. Kalunde alikuwa Shahidi wa zamu ya mchana, na tangu aajiriwe alikuwa amekibonyeza kibao kile mara mbili. Hakupenda kuulizwa habari za mara hizo mbili.

Alasiri ile nukta ilitokea pembeni mwa kioo, ikaanza kutambaa kuelekea mtoni.

Rada ya kwanza ilimwambia tu kwamba kuna kitu: chuma kimepigwa na mawimbi, kimerudisha mwangwi. Haikumwambia chuma cha nani. Hiyo ni kazi ya rada ya pili, ambayo haitazami, huuliza. Hurusha swali kwa masafa yake, na kisanduku kilichomo ndani ya ndege, transponda, hujibu kwa masafa mengine, ili swali na jibu visikatizane kauli. Swali la raia ni jepesi: umevaa namba gani, uko juu kiasi gani? Jibu likaja papo hapo. Ndege ilikuwa inaruka chini chini, na namba yake ilikuwa saba saba sifuri sifuri.

Hiyo ni namba ya dhiki. Zamani ingewainua watu vitini. Siku hizi Kalunde aliiona akakunja uso tu, maana namba zile nne rubani huzizungusha mwenyewe kwa vidole, na hata mwizi ana vidole.

Swali la pili lilikuwa la kijeshi, nalo ndilo lililoitwa Hodi. Lenyewe hufungwa kwa ufunguo wa siri unaobadilishwa kila siku, na ndege isiyo na ufunguo wa siku hiyo hailielewi, sembuse kulijibu. Kalunde akabonyeza. Mtambo ukauliza. Kwenye kioo, chini ya nukta, maneno yakajiandika: HODI YA KWANZA. HAJAITIKA.

"Nani huyo?" Meja Kaijage aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa mkuu wa kituo, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku za mgawo wa umeme.

"Hajaitika, afande. Amevaa namba ya dhiki."

"Hata mimi naweza kuvaa kanzu. Hainifanyi sheikh."

Akavuta kiti akaketi nyuma yake. Kalunde alijua kwa nini Meja hukaa karibu namna ile kila nukta inapotokea. Miaka michache nyuma, Shahidi mmoja alisikia redioni sauti ya kaka yake ikiomba kupita, akaipitisha. Kaka hakuwemo. Sauti ilikuwa imefumwa na mashine kutoka kwenye salamu za zamani za simu, na ndege ile ilikwenda moja kwa moja bandarini Kasanda ikajipasua kwenye matangi ya mafuta. Mke wa Meja alikuwa bandarini siku ile. Ndipo ikatungwa sheria ya sauti: sauti ya redioni si ushahidi wa kitu chochote, na anayekuja na sauti iliyofumwa ni adui, awe nani.

Redio ikakoroma.

"Itumbi, Itumbi. Michembe, ni mimi. Masalu."

Kalunde akaigeukia redio. Jina lile la utani hakuwa amelisikia tangu chuo cha anga, alipokuwa akitafuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, chini ya dawati wakati wa somo la hali ya hewa, na Masalu, Msukuma mrefu mwenye meno yaliyoachana, akalitangaza kwa darasa zima. Baadaye Masalu alikwenda kurusha ndege za tiba huko ng'ambo, kazi ambayo wenye akili zao waliikimbia. Kalunde alimpenda kidogo zaidi ya rafiki, na hakuwahi kumwambia.

"Unamfahamu?" Meja aliuliza polepole.

"Naifahamu sauti, afande."

"Umejibu vizuri."

Sheria haikukataza kuzungumza. Ilikataza kuamini tu. Kalunde akachukua kipaza sauti.

"Ndege usiyejulikana, hapa Itumbi. Mbona huitikii hodi?"

"Ufunguo umefutika. Tulizima umeme uwanjani, tulishambuliwa. Tuna wagonjwa. Michembe, ni mimi."

Maelezo yalikuwa na akili. Funguo za Hodi hukaa kwenye kumbukumbu ya transponda, na rubani akizima umeme bila kwanza kuwasha swichi ya kuzishikilia, zinafutika zote, ili adui akiiteka ndege asikute kitu. Mtu anayeruka nje huku risasi zinalia hawezi kukumbuka swichi ya kushikilia. Lakini hilo adui naye alilijua, na angekuwa mjinga kutolisema.

Kilichomkera Kalunde kilikuwa kingine. Masalu hakuwahi kuanza sentensi bila kucheka kwanza, hata mwalimu alipokuwa anamfokea. Sauti hii haikucheka. Haikuvuta hata pumzi kati ya neno na neno.

"Masalu," alisema, "siku ya mtihani wa mwisho ulivunja nini?"

Redio ikarudia: "Tuna wagonjwa. Michembe, ni mimi."

"Hakujibu," Meja alisema.

"Nimesikia, afande."

HODI YA PILI. HAJAITIKA.

Nyigu wawili walikuwa wamekwisha kupaa. Waliipata ile ndege wakaifuata nyuma kwa utulivu, mmoja kila upande, kama mgambo wanaomsindikiza mtuhumiwa. Mto Isimba ndio uliokuwa mwisho wa uamuzi. Ndege ikishauvuka, Nyigu hawaruhusiwi kuiangusha, kwa sababu vipande vyake vitawaangukia watu wa Kasanda. Kwa hiyo Shahidi akichelewa ni sawa na Shahidi aliyefungua mlango.

Kulikuwa na ukaguzi mmoja wa kizamani aliofundishwa na wazee wa rada kabla ya transponda kuwa na siri. Sauti inaweza kutoka popote, hata chumbani kwa mtu aliyeko mbali sana. Mwili wa ndege humtii aliyeshika usukani tu.

"Geuka kushoto, kisha rudi ulikokuwa unaelekea," akaamuru. "Halafu vaa namba nne tano moja mbili."

Nukta ikageuka. Ilipinda vibaya, ikapoteza urefu, ikajirekebisha kupita kiasi, ikarudi njiani ikiyumba. Kwa hiyo sauti na ndege vilikuwa pamoja. Hilo lilimthibitishia kwamba aliyemo ndani anasikia, na halikumthibitishia zaidi ya hapo. Mwizi naye anaweza kugeuka kushoto.

Kisha namba zikaanza kubadilika, moja moja. Saba saba sifuri sifuri ikawa saba sita sifuri sifuri. Ikawa saba tano sifuri sifuri. Ikasimama hapo.

Kengele ililia chumba kizima. Saba tano sifuri sifuri ni namba ya ndege iliyotekwa.

Meja alisimama kiti kikaanguka. "Ametekwa huyo! Bonyeza!"

"Anapita, afande. Anapita tu, subiri."

Namba ya kwanza ikashuka: nne tano sifuri sifuri. Nne tano moja sifuri. Nne tano moja mbili. Kengele ikanyamaza.

Mwanafunzi wa urubani hufundishwa mapema kabisa kwamba akibadilisha namba asipite kwenye zile za balaa. Aizime transponda kwanza, au aanze na swichi nyingine. Anayesahau huwatia watu wazima kiwewe bure. Masalu aliwaita wanafunzi wa namna hiyo wapiga kengele, na aliwatania mpaka wengine wakalia. Asingefanya kosa lile hata akiwa usingizini.

"Sauti ni ya Masalu," Kalunde alisema, "lakini mikono si yake."

"Basi umehukumu mwenyewe." Meja aliinama, sauti yake sasa ikiwa ya chini, karibu ya huruma. "Kalunde, nisikilize. Umejua kwamba ni sauti ya kufuma. Mimi nilikuwa natazama usoni kwako ulipojua. Kidole."

HODI YA TATU. HAJAITIKA.

Kibao cha shaba kikawaka. Nukta ilikuwa inaukaribia mto.

Kalunde aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya pande mbili. Aliiogopa ile ndege, na aliiogopa shaba. Aliwaza matangi, aliwaza wanawake wa bandarini na makarai yao ya dagaa. Lakini wazo jingine lilikuwa linamkera na halikutaka kuondoka. Adui anayejua kufuma sauti ya Masalu hadi jina la utani, atashindwaje kumpata rubani anayejua kuzungusha swichi? Wabaya hutuma mafundi. Aliyekuwa ndani ya ndege ile hakuwa fundi wa kitu chochote. Alikuwa mtu anayebahatisha.

"Afande," alisema, "Hodi inamtambua rafiki tu. Haijawahi kumtambua adui. Asiyeitika ni asiyejulikana, ndivyo mtambo ulivyotengenezwa. Sisi ndio tuliobadilisha jina."

"Amepigiwa hodi mara tatu!"

"Kwetu Sikonge mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anageuka anakwenda zake. Sijawahi kumsikia aliyepiga hodi mara tatu halafu akachoma nyumba."

"Huku sisi ndio wenye nyumba."

"Basi mwenye nyumba hapigi hodi, afande."

Meja alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kwa sheria hakuweza kuukamata mkono wake. Kalunde, kwa kuwa hakuuamini mkono huo, akaukalia.

Nukta ikavuka mto.

*

Ndege ilitua kwenye uwanja ulio chini ya kilima kwa kuruka mara mbili kama chura, gurudumu moja likakatika, ikateleza hadi kwenye majani ikalala ubavu. Haikulipuka. Kalunde alikuwa amekimbia ngazi zote, na alipofika alikuta askari wameizunguka bunduki zikiwa tayari, na mlango unafunguka kwa shida.

Alitoka mwanamke mnene mwenye gauni la uuguzi lililokauka damu. Nyuma yake zilionekana nyuso za watoto, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Harufu ya kipindupindu haifichiki. Askari wawili walirudi nyuma.

"Ni nani Michembe?" mwanamke aliuliza.

"Ni mimi. Masalu yuko wapi?"

Mwanamke alisogea kando. Kwenye kiti kilicho pembeni mwa kile cha rubani, amefungwa mkanda ili asianguke, alikaa Masalu, amefunikwa shuka la hospitali mpaka kidevuni. Alikuwa amekufa, na kwa rangi yake hakuwa amekufa sasa hivi.

Kalunde akashika ubavu wa ndege. Alitaka kulia na machozi hayakuja, yakamjia maneno ya kipuuzi: kwamba alikuwa amenenepa.

"Mimi naitwa Nshoma, dada," mwanamke alisema. "Muuguzi. Tumeruka pamoja siku nyingi, alikuwa ananiachia usukani tukiwa angani, kwa mchezo tu. Walitupiga tukiwa tunajaza mafuta. Akazima kila kitu, tukaruka mtaroni. Tuliporudi ndani akarusha mwenyewe, hakuniambia kama ameumia. Nimekuja kuona damu tuko juu, ndipo nikashika usukani."

"Na sauti?"

Nshoma akainama, akatoa chini ya kiti kisanduku chenye kioo kilichopasuka. "Kifumaji. Tunakitumia kuwasomea wagonjwa maelekezo kwa lugha zao. Alisema, 'Sauti yako hawaijui, watakuua nayo. Yangu yuko anayeijua.' Akakisemea, kijifunze sauti yake, mpaka nguvu zikamwishia. Akaniagiza nisiseme neno langu hata moja. Akaniambia nikuite Michembe."

"Hakucheka," Kalunde alisema. Hakujua kwa nini alilisema hilo mbele ya watu.

"Alijaribu, dada. Kifua kilikuwa kimejaa."

Ndipo machozi yakaja.

Meja Kaijage alifika akiwa ameshuka taratibu, kofia kichwani. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Akaivua kofia mbele ya Masalu, akaivaa tena. Akaagiza watoto wapelekwe hospitali ya Kasanda mara moja, na dripu zitafutwe hata kama ni za kununua mitaani. Kisha akamgeukia Nshoma.

"Mama, umeingia na sauti iliyofumwa. Itabidi uende na hawa vijana."

"Afande, watoto wale—" Kalunde alianza.

"Nimewaona. Nimewapeleka hospitali. Lakini sheria ya sauti haina mlango wa uani. Nikimwachia huyu kwa sababu ana watoto, wa kesho atakuja na watoto wa kuazima." Akasubiri Nshoma apande gari, ndipo akasema tena, taratibu: "Leo umepatia, Kalunde. Nakubali. Lakini masafa yale hayana ukuta. Wote walioko ng'ambo wenye redio wamesikia unavyoitwa. Na wamesikia kwamba ukiitwa hivyo, hubonyezi."

*

Masalu walimzika Ijumaa. Jumamosi redio ya Shirikisho ilitangaza kwamba mwanamke mmoja amekamatwa kwa kuingia anga kwa sauti ya marehemu, na kwamba atafikishwa mahakamani. Watoto hawakutajwa. Kalunde alikwenda korokoroni na chupa ya uji, akakataliwa kumwona.

Jumatatu asubuhi alikuwa kitini kwake. Meja naye alikuwepo tangu mapema, bila kueleza kwa nini.

Nukta ilitokea mahali pale pale. Mwendo wake na mwangwi wake vilisema ni ndege ndogo ya aina ile ile ya Masalu. Transponda ilijibu swali la raia bila kusita: namba ya dhiki, na urefu wake. Hodi ya kwanza haikuitikiwa. Ya pili haikuitikiwa.

"Itumbi, Itumbi," redio ilisema. "Michembe, ni mimi. Masalu."

Ilikuwa sauti ile ile, bila cheko na bila pumzi. Walikuwa wameinasa hewani wakaifuma upya. Ilibaki na mkoromo wa redio ya siku ile ndani yake.

"Sasa huyo tumemzika," Meja alisema.

"Ndiyo, afande."

"Basi leo hatuna la kubishania."

Lingekuwa jambo rahisi kama asingemwona Nshoma. Wiki moja nyuma angesema: sauti ya uongo, adui, basi. Lakini alikuwa amejifunza kwamba sauti ya uongo inaweza kubeba watu wa kweli, na elimu hiyo haikumsaidia kitu. Ilimwongezea mzigo tu. Waliokuwa ndani ya ndege ile wangeweza kuwa waliochoma matangi. Wangeweza pia kuwa watu waliosikia, katika nchi isiyo na habari njema, kwamba kuna neno ukilisema Itumbi hupigwi.

"Geuka kushoto, kisha rudi," akaamuru.

Nukta ikageuka kwa upole, mviringo safi, ikarudi njiani bila kupoteza urefu.

"Huyo ni rubani," Meja alisema. "Ulisema wabaya hutuma mafundi. Yule pale fundi."

Ni kweli alikuwa amesema. Lakini wakimbizi nao wana marubani. Hoja iliyomwokoa Nshoma ilikuwa sasa inamkaba huyu, na Kalunde aliona aibu jinsi alivyokuwa ameiamini, kumbe ilikuwa ni kubahatisha kulikovaa suti.

HODI YA TATU. HAJAITIKA. Shaba ikawaka.

Hasira ikampanda, na hakujua hasira ya nani. Alimkasirikia aliyeichukua sauti ya Masalu kabla udongo haujakauka, akaivaa kama koti la mtumba. Akashika kipaza sauti.

"Wewe uliye juu. Mwenye sauti hiyo amekufa, na mimi nimemzika. Nisikusikie nayo tena. Sema kwa sauti yako, jina lako ni nani na umebeba nini, nami nitakusikiliza. Ukinidanganya mara ya pili sikusikilizi."

Redio ikawa wazi. Mtu upande wa pili alikuwa amebonyeza kitufe chake cha kuzungumza. Kalunde alisikia ngurumo ya injini na, nyuma yake, kitu kama kikohozi. Kisha kitufe kikaachiwa. Hakuna neno lililosemwa.

"Kidole," Meja alisema.

"Ngoja aseme."

"Hasemi, Kalunde. Mto huo hapo."

"Ngoja."

Nukta ikayumba kidogo. Ikaanza kugeuka, na haikurudi njiani. Iligeuka nusu duara nzima, vizuri, bila pupa, ikashika njia ya kurudi ng'ambo. Nyigu wakaisindikiza hadi mpakani mwa eneo lao, wakaiacha.

Meja aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu Kalunde amjue, alitabasamu. "Umeona? Umemfukuza kwa mdomo mtupu. Mtu mwema angetaja jina lake. Andika: adui."

Kalunde hakuandika. Alikuwa anakisikiliza tena kile kikohozi kichwani mwake. Kutaja jina kwa sauti yake mwenyewe kungekuwa kukiri kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kufuma. Nshoma alikuwa korokoroni kwa kosa hilo hilo, na redio ya Shirikisho ilikuwa imelitangaza nchi nzima, ng'ambo nako wakisikia. Aliyekuwa juu aliombwa achague kati ya Nyigu na jela, na yeye Kalunde ndiye aliyeomba, tena kwa ukali, kwa ajili ya marehemu ambaye hakuwa na haja tena ya sauti.

"Ndege ya aina ile haina mafuta ya kurudi kule, afande," alisema. "Ikifika hapa tangi limebaki na harufu. Unajua, na mimi najua."

Meja akainuka kitini.

Kalunde akanyakua kipaza sauti. "Wewe uliyegeuka! Rudi! Njoo na sauti yoyote uliyo nayo, njoo bila sauti, sijali, rudi utue!"

Aliita mpaka koo likakauka. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemjibu. Swali la raia peke yake ndilo lililoendelea, maana halihitaji mtu kulibonyeza. Kila rada ilipozunguka, mtambo uliuliza: umevaa namba gani, uko juu kiasi gani? Na kila mara transponda ilijibu bila kinyongo namba ile ile ya dhiki, na urefu mdogo kuliko ule wa mzunguko uliopita.

Meja alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, anasoma naye.

Mtambo ukauliza tena. Wakangoja, wote wawili, rada ikazunguka, na hakuna kilichojibu.